Aliyesoma Vita kwa Miguu

Katika vipindi vyake vya televisheni Richard Holmes hakai. Anatembea. Anatokea mbali, anapanda mwinuko wa shamba la ngano, mtu wa makamo mwenye masharubu yaliyotunzwa, na huku anaongea: Wafaransa walikuwa kule penye miti, Waingereza walikuwa hapa, katikati palikuwa na tope. Kisha anashuka kwenye hilo tope lenyewe. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni ufundi wa watayarishaji tu, namna ya kumzuia mtazamaji asisinzie. Nilipokwisha kusoma vitabu vyake kadhaa ndipo nikaelewa kwamba kutembea kule ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Holmes alikuwa mwanahistoria Mwingereza, na vita alivyoviandika kwa sehemu kubwa ni vya Waingereza. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza tuna nini naye. Swali hilo nitalifikia. Kwanza nataka kumtendea haki yeye mwenyewe, maana nimekaa na vitabu vyake miaka mingi, na sijapata mwandishi mwingine wa vita anayenifanya nikutane na watu kwanza, majeshi baadaye.

Alizaliwa tarehe 29 Machi 1946, Aldridge, katika jimbo la Staffordshire, miezi michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha. Watoto wa umri wake walilelewa na watu waliotoka vitani. Baba, mjomba, mwalimu wa hesabu, kondakta wa basi, karibu kila mwanamume alikuwa na mahali alipokuwa mwaka 1944, na wengi hawakupenda kupataja. Holmes alisoma historia Cambridge, katika Chuo cha Emmanuel, akaendelea Northern Illinois nchini Marekani, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Reading mwaka 1975. Lakini kabla ya shahada yoyote, mwaka 1964, akiwa na miaka 18, alikuwa amekwisha kujiandikisha katika jeshi la akiba.

Jeshi hilo ni la watu wenye kazi zao. Siku za juma fundi bomba ni fundi bomba na karani ni karani; mwisho wa juma wanavaa magwanda na kulala porini kwenye mvua. Holmes alidumu humo zaidi ya miaka 30. Aliingia akiwa askari wa kawaida, akatoka akiwa brigedia, na kati ya 1997 na 2000 alikuwa mkuu wa askari wa akiba na makadeti katika Wizara ya Ulinzi. Wapo wanahistoria wengi waliowahi kuwa askari, na wapo askari waliostaafu wakaandika historia. Waliofanya yote mawili kwa pamoja, mwaka baada ya mwaka, kalamu mkono mmoja na mkoba wa askari mgongoni, ni wachache sana.

Mwaka 1969 aliajiriwa kufundisha katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Idara ya Mafunzo ya Vita, akakaa huko hadi 1985. Palikuwa mahali pa pekee pa kufundishia historia. Walimu wa idara ile walikuwa raia; David Chandler, bingwa wa vita vya Napoleon, alikuwa mmoja wao, na John Keegan pia. Waliokaa mbele yao walikuwa vijana wa miaka 20 au zaidi kidogo, ambao baada ya muda mfupi wangekabidhiwa platuni ya watu 30 na kupelekwa Ireland ya Kaskazini, au mwaka 1982 kwenye visiwa vya Falklands. Mwalimu wa kawaida anaweza kusema jeshi lilipoteza watu 400, kisha akafungua ukurasa unaofuata. Mwalimu wa Sandhurst anaitamka hesabu ile ile huku akimtazama usoni kijana anayeweza kuwa ndani ya hesabu ijayo. Nadhani ni hapo Holmes alipopata sauti yake. Kila alipoandika, kuna mtu mmoja mahsusi anayezungumza naye, na mtu huyo ni luteni kijana anayetaka kujua: nikifika kule, itakuwaje?

Keegan alikuwa na swali hilo hilo, ila alilifikia kwa njia nyingine. Utotoni aliugua kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa, mguu ukabaki na kilema, na jeshi halikuweza kumchukua. Kitabu chake The Face of Battle cha mwaka 1976 kinaanza kwa kukiri kwamba mwandishi hajawahi kuwa vitani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Keegan alitumia umri wake akiwauliza waliokilalia. Holmes alikuwa karibu zaidi na kitanda hicho. Alijua uzito wa bunduki baada ya kilomita 20, alijua jinsi askari wanavyocheka kwa sauti ya juu kidogo kupita kawaida wanapoogopa. Mwaka 1985 wawili hao waliandika pamoja Soldiers, kitabu kilichokwenda sambamba na vipindi vya BBC, na mwaka huo huo Holmes akatoa peke yake Firing Line.

Firing Line ni kitabu ambacho ningempa mtu yeyote anayetaka kuandika kuhusu vita, hata kama ni riwaya. Kinamfuata askari tangu siku ya ukuruta, anaponyolewa nywele na kupigiwa kelele, hadi siku anaporudi nyumbani na kukuta hakuna anayejua amweleze nini. Holmes alisoma kumbukumbu za karne nyingi, na alizungumza na watu waliotoka vitani, wakiwemo wale wa Falklands, wakati majeraha yao yalikuwa bado mabichi. Hitimisho lake kuu si geni: askari hubaki mahali pake kwa ajili ya wale watatu au wanne walio kando yake zaidi kuliko kwa ajili ya mfalme au bendera. Wengine walikwisha kulisema. Utajiri wa kitabu uko katika mambo ambayo wanahistoria wengine waliona haya kuyaandika. Kiu. Usingizi unaomwangusha mtu akiwa wima. Tumbo la kuhara linalomshika kabla ya shambulio. Hofu ya kuonekana na wenzake kwamba anaogopa, ambayo kwa wengi ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kifo.

Kuanzia 1986 hadi 1988 aliacha darasa kabisa akaongoza batalioni ya pili ya rejimenti ya Wessex. Baadaye alihamia Shrivenham, kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Cranfield kinachofundisha maofisa, na mwaka 1995 akawa profesa. Vyeo na nishani havinishughulishi sana. Kinachonivuta ni kwamba mwaka uliofuata, akiwa na miaka 50, badala ya kutulia kwenye kiti cha uprofesa, alitoka nje na kamera.

Vipindi vya War Walks vilianza kurushwa na BBC mwaka 1996. Msururu wa kwanza ulikwenda Agincourt, Waterloo, Mons, Somme, Arras na Normandy. Wa pili, mwaka 1997, ulianzia Hastings. Agincourt ilipiganwa tarehe 25 Oktoba 1415, na simulizi yake kwa Waingereza imejaa mfalme kijana na wapiga mishale hodari. Lakini simama pale shambani. Misitu miwili ilibana uwanja kutoka pande mbili. Ardhi ilikuwa imelimwa na kunyeshewa. Mtu aliyevaa chuma mwili mzima, akisukumwa na maelfu nyuma yake, anazidi kubanwa kila anavyosogea, hadi hana nafasi ya kuinua mkono. Ukishasimama hapo ushujaa wa mfalme unapungua kimo, na udongo unaanza kueleza yaliyotokea.

Waterloo kuna somo lingine juu ya udongo, na kila nikilikumbuka linanisumbua. Wellington alishinda pale tarehe 18 Juni 1815 kwa sababu, pamoja na mengine, aliwaficha askari wake nyuma ya mgongo wa kilima, mizinga ya Napoleon isiwaone vizuri. Miaka michache baadaye ikaamuliwa kujengwa mnara wa kumbukumbu, kichuguu kikubwa chenye sanamu ya simba juu yake, kilichokamilika mwaka 1826. Udongo wa kukijengea ulichotwa kwenye mgongo ule ule wa kilima. Leo mgeni anapanda ngazi kwenda kutazama uwanja wa vita akiwa amesimama juu ya ushahidi uliong'olewa mahali pake. Kumbukumbu imekula kile ilichotaka kukikumbuka. Kwa hiyo hata kutembea kunahitaji elimu. Lazima ujue ardhi imebadilishwa wapi na nani, la sivyo miguu nayo itakudanganya.

Holmes alikuwa mpanda farasi, na jambo alilolifanya na farasi wake, Thatch, linaonyesha tabia yake kuliko kipindi chochote. Mwezi Agosti 1914 jeshi dogo la Uingereza lilikutana na Wajerumani huko Mons, tarehe 23, likalazimika kurudi nyuma kusini, mchana na usiku, likipigana Le Cateau tarehe 26 na kuendelea hadi mto Marne mwanzoni mwa Septemba. Njia hiyo Holmes aliipitia juu ya farasi pamoja na marafiki, akaandika Riding the Retreat, kilichotoka mwaka 1995. Ni kitabu kidogo kuhusu jua, mawe ya barabarani yanayochubua nyayo, kwato, na maji ya kumnywesha mnyama kabla mtu hajanywa. Ukikisoma unafahamu kwa nini ofisa wa wapanda farasi aliyechoka kupindukia bado alimtafutia farasi wake nyasi kwanza: mnyama akianguka, naye amekwisha. Nyaraka za makao makuu hazina jambo hilo. Migongo ya farasi inalo.

Nimefika kwenye kitabu kilichonifanya nichukue kalamu. Tommy kilichapishwa mwaka 2004, kikiwa kinahusu askari wa Uingereza katika mapigano ya Ufaransa na Ubelgiji, 1914 hadi 1918. Tommy Atkins ni jina la mfano lililokuwa likitumika kwenye fomu za jeshi la Waingereza, likaja kuwa jina la kila askari wao. Kabla yake, mwaka 2001, alikuwa ametoa Redcoat, kuhusu askari wa enzi za gobori, na baadaye, mwaka 2005, Sahib, kuhusu askari wa Uingereza nchini India. Vitatu hivyo ni kama chumba kimoja kikubwa ambamo watu wa chini wamepewa viti.

Katika Tommy Holmes analalamika, tena kwa uchungu, kwamba watu wa nchi yake wameisoma vita ile kama fasihi, wakasahau ni historia. Riwaya na kumbukumbu zilizotoka mwishoni mwa miaka ya 1920, mashairi yaliyofundishwa shuleni, hata vichekesho vya televisheni vya mwaka 1989 kuhusu kapteni aitwaye Blackadder, vimejenga picha moja: vijana wema, majenerali wapumbavu, miaka minne ndani ya handaki moja la matope hadi kufa. Holmes hakukana maafa. Tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya Somme, Waingereza walipata hasara ya watu 57,470, na 19,240 kati yao walikufa. Kikosi cha Newfoundland kiliingia na watu wapatao 800; siku iliyofuata walioitika majina walikuwa 68. Hakuna mwanahistoria anayeweza kuzilainisha hesabu hizo, na yeye hakujaribu.

Alichotaka ni kuona mtu mzima, si maiti mtarajiwa tu. Askari hakukaa mstari wa mbele miaka minne. Batalioni zilipokezana, siku chache mbele, siku chache nyuma yake, kisha mapumziko kijijini ambako walicheza mpira na kula mayai ya kukaanga na viazi kwa mama wa Kifaransa. Walikunywa chai yenye harufu ya petroli kwa sababu maji yaliletwa kwenye madebe ya petroli. Walipaka miguu mafuta ya nyangumi isioze kwa unyevu, na ofisa alipiga magoti kukagua vidole vya askari wake, kazi ya kunyenyekea ambayo mfumo wa matabaka wa Uingereza haukuwahi kuitazamia. Walikuwa na chawa wote, mabwana na watwana. Majenerali nao walikufa, zaidi ya 50 katika vita nzima. Na wengi wa wale askari, walipoulizwa siku zile zile, waliamini vita yao ilikuwa na maana. Unaweza kusema walikosea, lakini huwezi kuwanyang'anya imani hiyo baada ya kufa kwao kwa sababu haipendezi kwako.

Ndiyo maana alithamini zaidi ya yote barua na shajara zilizoandikwa wakati wenyewe. Mzee wa miaka 90 anayehojiwa kwenye televisheni, aliona Holmes, amekwisha kusoma riwaya zile na kuona filamu zile. Anaweza kwa nia njema kabisa kukusimulia kumbukumbu ya mtu mwingine. Karatasi ya mwaka 1916 yenye doa la nta haijui vita itaishaje.

Hapa ninampinga kidogo. Barua za askari zilisomwa na maofisa kabla ya kutumwa. Na mwana anayemwandikia mama yake hamwambii kila kitu; anamwambia yuko salama, keki imefika, soksi ni nzuri. Karatasi ya siku ile nayo ina uficho wake. Holmes aliyajua hayo, na alizisoma barua kwa jicho la ofisa aliyewahi kuishi na askari. Lakini njia yake yote imesimama juu ya sharti moja: kwamba askari alijua kuandika, na kwamba nyumbani palikuwa na sanduku la kuhifadhia.

Kuna pingamizi la pili, na lenyewe linahusu upendo. Kuanzia 1999 hadi 2007 alikuwa kanali wa heshima wa rejimenti ya Princess of Wales, mlezi wake, yule anayetembelea wajane na kusimama makaburini. Mwaka 2004 batalioni ya kwanza ya rejimenti hiyo ilipelekwa Iraki, mji wa Al Amarah, ikajikuta katika mapigano makali ya mitaani. Kati ya waliokuwemo alikuwa Johnson Beharry, kijana mzaliwa wa Grenada, aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria mwaka 2005 kwa kuwatoa wenzake motoni. Holmes alikwenda Iraki kuwatembelea, na mwaka 2006 akaandika Dusty Warriors. Ni kitabu cha baba. Kila ukurasa anawajua kwa majina, na simlaumu kwa hilo. Lakini katika kitabu chote wakazi wa Al Amarah, waliokuwa na watoto na madirisha, wanapita kama vivuli nyuma ya moshi. Vivyo hivyo katika Sahib: Mhindi yumo, tena anaheshimiwa, ila yumo kwa kadiri askari wa Kiingereza alivyomwona. Mtu aliyekuwa na sikio zuri kuliko wenzake wote bado alisikia upande mmoja vizuri zaidi. Naliandika hili kwa huzuni, maana nampenda.

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee. Na hapo ndipo swali la msomaji wa Kiswahili linapoingia.

Vita ile ile ya 1914 ilipiganwa kwetu pia. Siku moja, kwa sababu ya Holmes, niliamua kutembea Tanga kama yeye alivyotembea Agincourt. Nilianzia Ras Kasone, waliposhuka askari wa Uingereza na India mwanzoni mwa Novemba 1914, nikaelekea mjini mpaka kwenye reli. Si mbali, mtu mwenye mwendo wa kawaida anafika kabla jua halijakuwa kali. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba watu wapatao 8,000 walishindwa na walinzi wapatao 1,000, na siku zote nilibaki na mshangao. Miguu iliuondoa. Ukiacha ufuko unapanda, na ukishapanda huoni. Wakati ule palikuwa na mashamba na vichaka, na watu waliokuwa wamekaa wiki nyingi ndani ya meli wakitapika walisukumwa humo kwenye joto la Novemba bila kumwona jirani yao. Walinzi, wengi wao askari Waafrika chini ya kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, waliletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi, wakashuka wakiwa wamepumzika, na mahandaki ya njia ya reli yakawa ngome yao. Nyuki waliochokozwa kwenye mizinga yao ndio wanaosimuliwa zaidi, kwa kuwa ni kisa kitamu. Mimi nilichokiona ni mwinuko, uoto na reli.

Lakini nilipofika stesheni nikagundua kwamba nina ardhi na sina barua. Askari wale waliandika nini usiku ule? Na wapagazi waliofuata baadaye, miaka minne, kutoka Tanga hadi Rufiji, hadi Msumbiji, hadi Abercorn ambako Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918? Waingereza walikusanya wanaume kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo. Hesabu zao zenyewe zinakiri vifo vya wapagazi wapatao 95,000, na risasi iliua wachache. Waliobaki walikufa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu, na kwa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea na hakukuwa na muda wa kuupika ukaiva. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki kwenye soko la Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Tunanunua nyanya juu ya jina lao kila siku.

Kwa kipimo cha Holmes cha barua na shajara, watu hawa wangebaki kimya milele. Kipimo chake kilimfaa Tommy, na kwao hakitoshi. Bahati njema, kuna mwanahistoria mwingine, Geoffrey Hodges, aliyewatafuta wapagazi wa zamani nchini Kenya wangali hai, akawasikiliza, na kitabu chake kuhusu kikosi hicho kikatoka mwaka 1986. Kumbukumbu za wazee, zile ambazo Holmes alizitilia shaka, ndizo zilizowarudishia sauti. Wazee wale, nadhani, hawakuwa wameona filamu yoyote kuhusu vita yao. Wala sidhani kuna riwaya iliyowachafulia kumbukumbu. Walichokuwa nacho ni chao.

Wala sisi si watu tusiojua kusimulia vita. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa Wadachi walipotamalaki mrima wakati moshi wa mizinga ulikuwa bado haujatawanyika, na Shaaban Robert akaitungia utenzi vita kuu ya pili. Tumekuwa na watunzi. Tulichokosa ni yule mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba na kuuliza: mlikula nini, mlilala wapi, viatu mlipewa?

Hilo la viatu Holmes angeliuliza la kwanza. Hapo ndipo ninapomwona ni mwalimu wetu pia, hata kama hakuwahi kutufikiria. Alitufundisha kwamba swali la heshima kuliko yote unaloweza kumuuliza askari ni swali la miguu yake.

Alifariki tarehe 30 Aprili 2011, akiwa na miaka 65, kwa saratani ya tezi za limfu. Kitabu chake cha mwisho, kilichobeba tena jina la Soldiers, kilitoka mwaka huo huo akiwa ameshazikwa. Miaka 10 baadaye, Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ya kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina, au hawakuwekewa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Majina bado yanatafutwa kwenye madaftari ya zamani ya malipo, kwenye orodha za machifu, popote yalipobaki.

Baadhi yamebaki majumbani mwetu. Askari wa Keya (King's African Rifles) waliokwenda Burma mwaka 1944 karibu wote wamekwisha kuondoka, lakini wajane wao wengine wapo, na watoto wao wapo, na masanduku ya bati ya uvunguni yapo. Kama kwenu kuna kipande cha jeshi, medali, kitabu cha mshahara, picha ya kijana aliyevaa kaptura na kofia pana, msikitupe siku ya kuhamia nyumba mpya. Geuza picha hiyo, uandike nyuma yake kwa kalamu ya risasi: jina lake kamili, la baba yake, kijiji, na mwaka aliochukuliwa. Kisha mwulize mkubwa aliyebaki kama babu alipewa viatu, uandike jibu lake kama alivyolisema.